Mzabibu wa Uani: Majani ya Kutoa, Vishada vya Kubakiza

Katika nyumba nyingi za Nyegezi, Bwiru na Ilemela, hapa Mwanza, nimekuta mzabibu mmoja uani, mara nyingi umetokana na kijiti kilicholetwa na mgeni kutoka Dodoma. Umepandishwa kwenye chanja, majani yamebanana hata jua halipenyi, na chini yake vishada vinaning'inia: vingi, vidogo, vichachu, vingine vimepakaa unga mweupe. Mwenye nyumba huniuliza aongeze mbolea gani. Huwa namwomba kwanza alete mkasi.

Dodoma, kitovu cha zabibu nchini, ina msimu mmoja wa mvua na miezi mingi ya ukavu. Sisi tuna vuli na masika, jumla kama milimita 1,000 kwa mwaka, na ziwa linatuongezea unyevu hata siku za jua. Ubwiri ni ugonjwa wa ukungu, na uko wa aina mbili. Ubwiri vinyoya huingia kwenye jani lililokaa na maji kwa saa kadhaa. Ubwiri unga, ule wa unga mweupe, hauhitaji maji, unatosheka na kivuli na hewa isiyotembea. Kwa hiyo huku kwetu tunapunguza majani hasa ili upepo upite, vishada vikauke upesi, na dawa ya ukungu ukiipiga ifike kwenye punje.

Subiri maua yapukutike na punje zifikie ukubwa wa pilipili manga. Ukitoa majani kabla ya maua, mzabibu hukosa chakula wakati wa kutunga, na punje nyingi hudondoka. Ukichelewa hadi zianze kulainika, ngozi iliyozoea kivuli huungua jua likiipiga ghafla. Toa majani matatu au manne tu yanayobana kishada, yale ya zamani yaliyo karibu na shina la tawi. Hayo yameshachoka kutengeneza chakula. Mzabibu ukiwa kwenye waya, fungua upande wa mawio, wa machweo uache, kwa sababu jua la alasiri ndilo kali. Kwenye chanja msiguse majani ya juu. Ndiyo paa la vishada. Toeni ya chini na ya pembeni.

Vishada ndivyo vinavyowauma watu kukata, na nawaelewa, maana kila kimoja kinaonekana kama chakula kinachotupwa. Lakini fikiria jiko moja na walaji ishirini. Ili kilo moja ya zabibu iive vizuri, mzabibu huhitaji takribani mita moja ya mraba ya majani. Kwa macho ya kawaida, tawi lenye kishada kimoja liwe na majani 12 hadi 15. Tawi fupi kuliko urefu wa mkono usilibebeshe kitu. Lenye nguvu liachie kimoja, na likiwa refu sana, viwili. Mavuno yatapungua, sitaficha hilo, ila hayapungui nusu hata ukikata nusu ya vishada: ukikata mapema, punje zilizobaki hunenepa, hupata sukari zaidi na huwahi kuiva. Ukikata zikiwa zinabadilika rangi, zilizobaki hazipati tena unene huo wa ziada. Wakati huo toa vile vilivyobaki nyuma tu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vishada vya msimu ujao vinaumbwa sasa hivi, ndani ya macho yaliyo kwenye kwapa la kila jani. Jicho lililokulia gizani, au kwenye mzabibu uliolemewa na mzigo, huja kuchipua majani matupu. Mama mmoja aliyelalamika kwamba wake umegeuka dume, tulipoufungua tukakuta tabaka juu ya tabaka la majani, ndani kweusi. Hata hivyo msinyonyoe mti mzima kwa hasira. Majani ndiyo yanayoweka akiba kwenye mizizi na shina, na mzabibu uliovuliwa nguo huchipua kwa unyonge baada ya kupogolewa.

Majani yenye ubwiri yafukieni mbali, msiyaache chini ya chanja. Na mche wa mwaka wa kwanza ukitoa vishada, toeni vyote vingali maua, ili nguvu yote iende kwenye mizizi na shina.