Je, wajua? Kuna majimbo Marekani wananchi wanampigia kura mtu wa kuamua bei ya umeme (na hapana, si waziri)

Oktoba 2025 binamu yangu anayeishi Clarkston, kamji kadogo nje ya Atlanta, jimbo la Georgia, alinitumia picha ya karatasi ya kura ya mfano, ile wanayotoa mapema ili mtu asiende kushangaa siku yenyewe. Clarkston imejaa wakimbizi waliohamishiwa huko, Wakongo ni wengi, Kiswahili unakisikia dukani bila kukitafuta. Juu ya majina imeandikwa cheo, Kamishna wa Huduma za Umma, na chini yake binamu kauliza tu, "kaka hawa nd'o kina nani?"

Nikajibu fasta na kwa kujiamini, kwamba hao wanagombea ukurugenzi wa shirika la umeme, chagua anayesema atashusha bei. Sentensi moja, makosa mawili. Yote mawili nimekuja kuyagundua baadaye na nadhani siko peke yangu, kwahiyo tuyachambue.

Kosa la kwanza ni hilo neno "shirika". Sisi tuliokulia kwenye TANESCO kichwani umeme ni serikali, mali ya umma, bosi wake anateuliwa, basi. Ukisikia mtu anagombea kitu cha umeme unadhani anagombea kukaa kile kiti. Georgia sivyo. Umeme wa sehemu kubwa ya jimbo unauzwa na Georgia Power, ambayo ni kampuni binafsi, tawi la kampuni mama inaitwa Southern Company yenye hisa zinazouzwa New York kama hisa nyingine zozote. Ila ni kampuni binafsi ambayo nyumbani kwako haina mshindani, huwezi kuihama kama unavyohama laini ya simu, nguzo ni zake na waya ni wake. Jimbo limeikubalia iwe peke yake, na kwa kukubaliwa hivyo inabidi ikubali kuchungwa. Huyo mchungaji ndiye yuko kwenye karatasi ya kura. Hauzi umeme, hamiliki hata nguzo moja, haajiri hata fundi wa kupanda juu.

Kwa lugha ya nyumbani ni EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya. Tofauti ni kwamba mwenyekiti wa bodi ya EWURA anateuliwa na Rais, na makamishna wa Georgia, wako watano, wanatafuta kura kama mbunge, mabango barabarani na kila kitu, kwa kipindi cha miaka 6.

Sio Marekani yote lakini. Majimbo 50, na yanayochagua hawa watu kwa kura ya wananchi ni kama 10 tu: Alabama, Arizona, Georgia, Louisiana, Mississippi, Montana, Nebraska, Oklahoma na Dakota zote mbili. Mengi yaliyobaki gavana ndiye anateua. New Mexico nao walikuwa wanachagua, mwaka 2020 wakapiga kura ya kuacha kupiga kura, na kuanzia 2023 gavana anawateulia. Nebraska wao ni kichekesho kingine, wanachagua makamishna ila umeme wao wote uko kwenye mashirika ya umma, kwahiyo tume yao haigusi bei ya umeme kabisa.

Historia yake fupi tu: ni treni. Miaka ya 1870 wakulima walichoka na bei za kusafirisha mazao kwa reli, majimbo yakaunda tume za kuzibana kampuni za reli, Georgia yao ikaanza 1879, baadaye umeme na gesi na simu vikaja vikaongezwa kwenye tume ileile maana tatizo lilikuwa lilelile, mtu mmoja ana njia na nyie wote lazima mpite. Texas hadi leo wanachagua Tume ya Reli, ipo tangu 1891, na hiyo Tume ya Reli haishughuliki na reli. Inasimamia mafuta na gesi. Shughuli za mwisho za treni ziliondolewa 2005, jina likabaki, na mpiga kura asiyefuatilia anaweza kwenda kumchagua mtu wa visima vya mafuta akidhani anachagua mtu wa mabehewa. Mimi hii niliisoma mara mbili.

Sasa kosa la pili, hili ndilo tamu. "Chagua anayesema atashusha bei." Nilidhani kamishna anakaa na kampuni, wanabishana yuniti iwe senti ngapi, mwenye huruma anasema kumi, asiye na huruma anasema kumi na tano. Na nilidhani kampuni ya umeme inapata faida kama muuza maandazi, kila andazi lina faida yake ndogo, ukiuza mengi unatajirika. Kumbe hesabu yao iko kichwa chini.

Chukua daladala. Kijiji kimoja, barabara moja, mtu mmoja tu kapewa leseni, tumuite mwenye gari. Kijiji kimechagua wazee watano wa kupanga nauli, na wamekubaliana naye kanuni hii. Mafuta, mshahara wa dereva, matengenezo: lete risiti, abiria watalipa kama ilivyo, lakini juu yake huongezi hata shilingi. Faida yako inatoka sehemu moja tu, kwenye thamani ya gari ulilonunua. Kila mwaka unaruhusiwa asilimia 10 ya thamani hiyo. Halafu vyote hivyo vinajumlishwa, vinagawanywa kwa idadi ya abiria wanaotegemewa, nauli inatoka hapo. Nauli inakuja mwisho kabisa, hakuna mzee aliyekaa akaitaja.

Basi, ana Hiace ya milioni 40, anapata milioni 4 kwa mwaka. Injini inaanza kukohoa. Fundi anasema milioni 3 inapona. Mwenye gari akilipa hizo milioni 3 anarudishiwa milioni 3, faida yake hapo ni sifuri. Akisema hii gari imechoka, tununue Coaster mpya ya milioni 120, sasa anapata milioni 12 kwa mwaka, mara tatu, kwa abiria walewale na barabara ileile. Wewe ungekuwa yeye ungemsikiliza fundi?

Na kuna la ziada. Gari linachakaa, na kila mwaka abiria wanalipa kidogo cha kufidia uchakavu, kwahiyo thamani inayohesabiwa inashuka: 40, 36, 32, inaenda hivyo hadi siku gari limelipwa lote. Hiace iliyolipwa yote inaweza ikawa inatembea vizuri tu, abiria wanaipenda, nauli ni rahisi, ila kwa mwenyewe haiingizi faida tena. Gari zima, faida hakuna. Atakuwa anatembea anaangalia Coaster kwenye simu kila usiku.

Kwahiyo kazi ya wale wazee watano sio kubishana nauli. Kazi yao ni maswali mawili. Je, hiyo Coaster ilikuwa lazima, au Hiace ingeweza? Na je, ile asilimia iwe 10 au 9? Wakikataa Coaster isiingie kwenye hesabu, mwenye gari kanunua kwa hela yake na faida haoni. Hilo rungu ndilo kamishna analopigiwa kura alishike. Mwaka 1962 wachumi wawili, Averch na Johnson, waliliandika hili kihesabu, kwamba kampuni inayolipwa kwa mtaji itaegemea kuweka mtaji mwingi kuliko unaohitajika. Inaegemea kwa kiasi gani, hapo waliojaribu kupima hawajatoka na jibu moja, kwahiyo usitoke hapa ukasema kila nguzo mpya ni wizi. Na ukweli mwingine, kuuza yuniti nyingi nako kunamsaidia kidogo, maana kati ya kikao kimoja cha bei na kingine abiria wakizidi makadirio anabaki na cha juu. Nimerahisisha pia hiyo asilimia, kwa Georgia Power ilipangwa 10.5 mwaka 2022 lakini inahesabiwa kwenye sehemu ya mtaji wa wenye hisa, sehemu ya mkopo inalipwa kwa riba yake.

Coaster ya Georgia inaitwa Vogtle. Ni kituo cha nyuklia karibu na Augusta, kilikuwa na vinu viwili, 2009 tume ikakubali viongezwe vingine viwili vya kama megawati 1,100 kila kimoja. Makadirio ya mwanzo kwa wamiliki wote, Georgia Power na wabia wake, yalikuwa kama dola bilioni 14. Tena bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuruhusu wateja waanze kulipia gharama za mkopo wa ujenzi kabla kinu hakijawasha taa moja, kwahiyo kuanzia 2011 kwenye bili kukawa na mstari wake peke yake wa ujenzi wa nyuklia, unakaa chini ya matumizi yako kama ada ya mwenge. Machi 2017 Westinghouse, waliochora hivyo vinu, wakafilisika. Jirani zao South Carolina walikuwa na mradi wa vinu vilevile, Julai wakaufunga, mashimo yakabaki na wateja wakaendelea kuulipia. Desemba mwaka huo makamishna watano wa Georgia wakapiga kura: endeleeni. Kinu cha kwanza kikaanza kazi Julai 2023, cha pili Aprili 2024, miaka kama 7 nyuma ya ratiba, na gharama yote ikapita dola bilioni 30. Desemba 2023 tume ikaamua dola bilioni 7.56 za upande wa Georgia Power ziingie kwenye bili za wateja, sehemu nyingine wakaibeba wenye hisa.

Yani kura ya watu watano siku moja ya Desemba, na mtu wa Clarkston anayepika ugali kwenye jiko la umeme analipia kwa miaka mingi mno.

Sasa kwa nini basi mgombea asiseme tu, nichagueni nitaifuta hiyo? Anaweza kusema. Kufanya ndo shida. Kamishna anakaa kama hakimu, kuna mawakili, kuna mashahidi wanaapa, uamuzi lazima usimame kwenye ushahidi uliowekwa mezani, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema tangu kesi ya kampuni ya gesi ya Hope mwaka 1944 kwamba kampuni lazima iruhusiwe kupata kiasi cha kuendesha shughuli na kuvutia mitaji. Ukiinyonga, inakwenda mahakamani. Kwahiyo unamchagua mtu kwa kampeni, kwa kelele, halafu unategemea awe hakimu asiyeegemea upande. Ni kama mashabiki wa Simba na Yanga wapige kura kumpata refa. Sijui mtu aliyekaa akabuni hili alikuwa anawaza nini, lakini limeishi zaidi ya miaka 100.

Inasaidia? Besley na Coate, wachumi, mwaka 2003 walilinganisha majimbo wakakuta yanayochagua kwa kura yana bei ya umeme wa majumbani ya chini kidogo. Sababu yao naipenda: gavana unamchagua kwa shule, ushuru, polisi, umeme unapotelea humo katikati, ila kamishna ana jambo moja tu, huwezi kumchagua kwa kitu kingine. Lakini majimbo yanayochagua mengi ni ya kusini na ya katikati, yana mambo yao mengine, na kutenganisha nini kimesababishwa na kura ni kazi ngumu. Upande wa pili kuna Arizona, ambako Pinnacle West, kampuni mama ya wauza umeme wakubwa wa kule, ilikiri 2019 kwamba mwaka 2014 ilipitisha dola milioni 10.7 kwenye vikundi vya siasa, sehemu yake zikienda kwenye uchaguzi wa haohao makamishna wa kuichunga.

Turudi kwa binamu. Karatasi yake ilikuwa na historia ambayo hakuijua. Georgia kila kamishna lazima aishi kwenye wilaya yake, ila anapigiwa kura na jimbo zima, na wakazi weusi wa Atlanta walishtaki wakisema hiyo inazimeza kura zao. Jaji akawakubalia 2022, uchaguzi ukasimamishwa, mahakama ya rufaa ikageuza 2023, na muda wote huo waliokuwa kwenye viti wakaendelea kukaa na kuamua bei, na bei zikapanda mara kadhaa. Tena waliopiga kura ni pamoja na watu wanaopata umeme kwenye vyama vya ushirika, viko 41 jimboni, na tume haiwapangii hao bei. Wanamchagua mpanga bei wa jirani.

Tarehe 4 Novemba 2025 wakapiga. Alicia Johnson na Peter Hubbard, wote Demokrati, wakawaangusha Tim Echols na Fitz Johnson kwa zaidi ya asilimia 60, kwenye jimbo ambalo Demokrati hakuwa ameshinda kiti cha kiserikali cha jimbo zima tangu 2006. Binamu akanitumia picha ya stika yake ya "nimepiga kura", akaandika, "sasa bili inashuka lini?"

Viti ni vitano, wao ni wawili. Na Desemba, kabla hawajaanza kazi, tume ya zamani ilikaa ikaikubalia Georgia Power karibu megawati 10,000 mpya, sehemu kubwa kwa ajili ya data senta, yale majengo ya kompyuta za mtandao. Nikamuandikia kwamba Coaster zimeshaagizwa. Akaniuliza Coaster gani.