Je, wajua kwa nini kunakili mchoro wa msanii mwingine hufundisha kuchora kwa wino?

Wino wa kalamu, usipozimuliwa kwa maji, haujui rangi ya kijivu. Penseli ukiikandamiza kidogo hutoa kivuli hafifu, ukizidisha nguvu kivuli hukolea. Lakini wino ulipogusa karatasi pamekuwa peusi, na usipogusa pamebaki peupe. Kijivu chote tunachokiona katika mchoro wa aina hii kinatokana na mistari: ikibanana, jicho huona giza, ikiachana, huona mwanga. Tena mistari hiyo hubaki wazi, tofauti na picha ya rangi ambamo tabaka la juu hufunika la chini, kiasi kwamba anayenakili anaweza kufuata karibu kila uamuzi wa aliyemtangulia.

Tuseme kijana amekaa mezani huko Kamalondo, mjini Lubumbashi, biki mkononi, akinakili picha ya wino ya mkono wa mzee kutoka ukurasa wa gazeti. Alipoitazama tu, aliona kivuli kwenye mkono wa shati, basi. Akianza kuchora hugundua kwamba kivuli hicho ni mistari mifupi iliyopinda, inayouzunguka mkono kama bangili, na juu yake safu nyingine inayoikata kwa mshazari pale penye giza zaidi. Jicho huridhika upesi. Mkono hauwezi, kwa sababu lazima uamue uanzie wapi, uelekee upande gani na uinue kalamu wapi. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo somo lenyewe.

Albrecht Dürer, msanii wa Ujerumani, alilijua vizuri. Mwaka 1494, akiwa na umri wa miaka 23 hivi, alinakili kwa kalamu na wino chapa za Andrea Mantegna wa Italia, zilizokuwa zimechongwa kwenye mabamba ya shaba. Mipaka ya miili aliifuata kwa uaminifu mkubwa. Vivuli, hata hivyo, hakuvifuata: mahali ambapo Mantegna alilaza mistari iliyonyooka ya mshazari, yeye aliweka mistari iliyopinda kufuata mviringo wa misuli. Nakala hizo zimehifadhiwa katika jumba la Albertina, Vienna.

Lubumbashi yenyewe ina historia inayoelekea upande mwingine. Mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya sanaa ambamo hakutaka wanafunzi waige wasanii wa Ulaya. Humo Mwenze Kibwanga alijenga picha zake kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, ikigeuka mwelekeo kutoka umbo hadi umbo. Ingawa alitumia rangi, anayejifunza wino angefaidika sana kunakili kipande cha picha yake, kidogo tu kama kiganja.

Kisha kijana wetu atoke nje akachore dohani refu la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo. Mistari ya bangili aliyoipata kwenye mkono wa mzee itamfaa moja kwa moja, kwa kuwa dohani nalo ni mviringo. Lakini kando yake kuna kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha shaba, kikavu, chenye miteremko mikali na mifereji. Kwa hicho mkono wa mzee haumsaidii, na itambidi atafute mstari wake mwenyewe.