Nyota tano hazipimi ukubwa wa chumba

"Ndugu yangu, nimelipia nyota tano, mmenipa stoo."

Bwana mmoja wa Nairobi aliniambia hivyo Jumanne iliyopita, amenishikia simu nione picha ya kitanda kilichobanwa chini ya paa. Hakuwa anafoka, alikuwa ameumia. Yeye na mkewe wanatimiza miaka kumi ya ndoa, wamedunduliza mpaka wakafika Amsterdam, na aliposikia mtu wa mapokezi anamjibu Kiswahili akaona bora amwage yote. Nilimsikiliza hadi mwisho. Lakini malalamiko hayo nimeyasikia mara nyingi mno, kwa watu wa Dar, wa Kampala, wa Muscat, na kila mara chini yake ipo imani ileile: nyota zikizidi, chumba kinapanuka. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nyuma ya kaunta za hoteli za mifereji, zile zilizomo ndani ya nyumba za kale za kando ya maji hapa Amsterdam. Nimechoka kumweleza mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika.

Nyota kwanza, tumalizane nazo. Uholanzi ni mojawapo ya nchi 7 zilizoanzisha Hotelstars Union, umoja wa Ulaya wa kupanga hoteli kwa nyota, mwaka 2009, na huko nyota hupatikana kwa pointi. Mapokezi yawe wazi saa 24, chakula kiletwe chumbani, mzigo ubebwe, kitanda kiwe cha kiwango fulani. Ukubwa wa chumba una pointi zake, ila ni kipengele kimoja katika orodha ndefu sana. Hoteli inaweza kuzifikia nyota tano kwa huduma ikawa bado ina vyumba ambavyo ukifungua mabegi mawili sakafuni huna pa kukanyaga. Huo si wizi. Wizi ni kukuficha.

Sasa nyumba zenyewe, maana humo ndimo jawabu lilimo. Mifereji mikubwa mitatu, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilianza kuchimbwa mwaka 1613. Jiji lilikata viwanja vyembamba vinavyotazama maji na kuviuza. Kiwanja cha kawaida cha Herengracht kilikuwa na upana wa futi 30 za Amsterdam, kama mita 8 na nusu hivi, kisha kikarudi nyuma mbali. Tajiri hasa alinunua viwili akaviunganisha. Waliobaki walijenga walichoweza, yaani nyumba nyembamba iliyorefuka kwenda nyuma na kwenda juu. Humo aliishi mfanyabiashara na mkewe, watoto, watumishi, na darini kabisa bidhaa zake. Hakuna aliyekuwa na wazo la vyumba mia vinavyofanana vyenye bafu kila kimoja. Hoteli imekuja juzi tu, ikaingia humo kama mtu aliyevaa kanzu iliyoshonewa mwingine.

Na kanzu hiyo hairuhusiwi kufumuliwa. Nyumba nyingi kati ya hizi ni majengo yanayolindwa na sheria ya taifa, na mwaka 2010 UNESCO iliiingiza mifereji hii ya karne ya 17 katika urithi wa dunia. Ukitaka kukata boriti, kuhamisha ngazi au kubadili dirisha, unaomba kibali, na kibali hakiji kwa kutaka tu.

Mimi nimezaliwa Malindi, Unguja, kwa hiyo jambo hili halikunipa taabu kulielewa. Chumba cha nyumba ya mawe ya kwetu ni kirefu na chembamba kwa sababu boriti za mikandaa zina urefu wake. Fundi hakuweza kutandika dari pana kuliko boriti aliyonayo. Mtu wa Lamu atakwambia hivyo hivyo. Hakuna anayeingia nyumba kama ile akauliza kwa nini haikupanuliwa. Basi mtu huyohuyo anayeisifu nyumba ya Lamu, akifika Amsterdam anataka ukumbi wa harusi ndani ya nyumba ya mwaka 1650.

Zaidi ya hapo, hoteli kubwa za mifereji si nyumba moja. Pulitzer imeunganisha nyumba 25 za karne ya 17 na ya 18. Waldorf Astoria ya Herengracht imekaa ndani ya nyumba 6. Majirani wale wa zamani hawakukubaliana juu ya kimo cha sakafu, kila mmoja alijenga alivyopenda. Ukitoboa ukuta kati yao unakuta sakafu ya huyu imepita ya yule kwa nusu mita. Ndiyo maana ukumbi wa vyumba unapanda vidato vitatu, unashuka viwili, unakata kona, unapanda tena. Ndiyo maana pia lifti inafika baadhi ya sakafu na nyingine inaziacha katikati. Watu huniambia, "Lakini tovuti imesema lifti ipo." Ipo kweli. Nitairudia lifti.

Hapa sasa naomba msomaji atulie, maana kosa kubwa liko hapa. Katika hoteli mpya, ya Dar au ya Dubai, kupanda juu ni kupanda daraja. Chumba cha juu kabisa ndicho cha wakubwa. Nyumba ya mfereji imepinduliwa. Sakafu ya heshima ni ile iliyoinuliwa kidogo tu kutoka barabarani, unayoifikia kwa ngazi za mbele. Huko ndiko mwenye nyumba alipokea wageni wake, na huko ndiko kuna dari ndefu, mapambo ya lipu na madirisha marefu ya kuingiza mwanga mpaka ndani. Kila ukipanda, dari inashuka. Ukifika juu kabisa uko ghalani. Simama nje utazame kileleni mwa nyumba: utaona boriti imetokeza, ina ndoana. Bidhaa zilivutwa kwa kamba kupitia hapo, na mbele ya nyumba nyingi kumeinamishwa makusudi kuelekea barabarani ili mzigo ukipanda usigonge ukuta. Chumba cha ghalani kina paa lililolala, kenchi nene usawa wa paji la uso, na dirisha dogo. Lakini dirisha hilo dogo ndilo linaloona mapaa yote ya mji na mnara wa kanisa la Westerkerk.

Niliifungua buking ya yule bwana wa Nairobi. Kwenye sehemu ya maombi alikuwa ameandika mwenyewe kwamba anaomba ghorofa ya juu kabisa, waone mji. Mwenzangu alimpa alichoomba, neno kwa neno. Hakuna aliyemdanganya, na yeye kwa hoteli alizozizoea hakukosea. Aliomba kwa lugha ya jengo lingine.

Imani ya pili, pacha wa hiyo, ni kwamba chumba kinachotazama mfereji lazima kiwe bora. Kinalipiwa zaidi, hilo ni kweli. Lakini nyingi ya nyumba hizi zina sehemu mbili: nyumba ya mbele, ua mdogo wa kuleta mwanga, halafu nyumba ya nyuma. Familia ya Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi, ilijificha Wanazi wasiione katika nyumba ya nyuma kama hiyo, Prinsengracht 263, na aliyeingia pale anajua jinsi jengo zima linavyoweza kukaa nyuma ya jengo bila mpita njia kujua. Vyumba vya nyuma vinatazama ua au bustani. Usiku havisikii boti za watalii wala walevi wanaotafuta baiskeli zao, na kengele zinafika kwa mbali. Mbele, ukilala karibu na Westerkerk, kengele utazijua kila robo saa. Tena siku hizi unaweza kulipia mfereji ukafungua pazia ukakuta kreni na mabamba ya chuma. Septemba 2020 ukuta wa gati ulianguka majini pale Grimburgwal, na jiji lina kama kilomita 200 za kuta za gati za kukagua na kutengeneza. Nikipewa nichague mimi, nalala nyuma.

Sakafu kuinama. Usiku mmoja mgeni alinipigia: "Begi langu limetembea." Nilipanda. Begi la magurudumu manne lilikuwa limetoka mlangoni likaenda kusimama chini ya dirisha. Nikalaza kalamu juu ya mbao, tukaitazama wote wawili ikibingirika polepole mpaka ukutani. Mji huu umejengwa juu ya udongo laini, na nyumba za zamani zimekalishwa juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa mpaka kwenye mchanga mgumu, kama mita 12 chini. Kasri la kifalme la uwanja wa Dam peke yake lina nguzo 13,659. Mti ukikaa daima chini ya maji hauliwi na fangasi, kwa sababu wao wanahitaji hewa. Maji yakishuka, vichwa vya nguzo vikabaki wazi, ndipo uozo huo unapoanza. Kwa hiyo kimo cha maji ya mifereji kinalindwa usiku na mchana, kama sentimita 40 chini ya kipimo cha taifa cha kimo cha maji na ardhi. Hata hivyo nguzo hazikuzama sawa karne zote hizo, na nyumba zimeegemea zilivyoegemea. Mgeni akiniuliza kama ni salama namjibu ndiyo, maana nyumba hupimwa kwa boliti ndogo zilizopigiliwa ukutani na mafundi hurudi kulinganisha. Lakini nakiri kwamba jibu langu ni la kuwaamini mafundi. Macho yangu mimi hayatofautishi nyumba iliyoinama zamani ikatulia na ile inayoendelea.

Mengine haraka. Kiyoyozi usikichukulie kuwa kipo, uliza. Kodi ya utalii ya Amsterdam ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024, na kodi ya ongezeko la thamani ya malazi imetoka asilimia 9 hadi 21 tangu Januari 1, 2026, kwa hiyo hakikisha bei uliyoiona imejumuisha zote mbili. Maji ya kutawadhia chooni hayapo katika vyumba vingi, ila ukipiga simu ukaomba kopo au jagi litaletwa, na hakuna atakayekushangaa.

Sasa swali ambalo wageni wetu huniuliza kwa sauti ya chini, wakishahakikisha wenzangu wamesogea. "Tumepewa hiki kwa sababu sisi ni Waafrika?"

Jibu la kazi ni kwamba vyumba hugawiwa asubuhi, au usiku wa jana yake, na mtu anayetazama orodha: nani amelipa daraja gani, analala siku ngapi, ameomba nini, ni mgeni wa kurudi au wa mara ya kwanza. Aliyenunua daraja la chini kabisa kwa bei ya punguzo anapata kinachobaki, na kinachobaki ndicho kile ambacho wengine wamekikwepa. Mara nyingi jibu linaishia hapo, na nalitoa kwa moyo mweupe.

Lakini siwezi kuapa kwamba linaishia hapo siku zote. Katika hoteli niliyofanyia kazi zamani niliona mwenzangu akiipa familia moja chumba cha karibu na mashine za jikoni, na kilicho bora cha daraja lilelile kiko wazi. Nilitafuta sababu kwenye orodha, nikakuta tofauti moja tu, jina. Siku ile nilinyamaza, na bado linaniuma. Kwa hiyo nawaambia wageni: uliza wazi, kwa utulivu, "Kuna chumba kingine cha daraja langu kilicho wazi usiku huu?" Jibu la kweli liko kwenye skrini mbele ya huyo unayemuuliza, na akishaulizwa hivyo inakuwa vigumu kulizunguka.

Bora zaidi, uliza kabla hujasafiri. Usiandike "chumba kizuri tafadhali", hilo halimsaidii mtu. Taja unachokihitaji: chumba kiwe na mita za mraba ngapi, kiko sakafu ya ngapi, dirisha linatazama mfereji, barabara au ua, na baada ya lifti kuna vidato vingapi mpaka mlangoni.

Hicho cha vidato kina mwenyewe. Binti mmoja wa Tanga aliniandikia kwamba anakuja na mama yake na mama ana magoti, je, lifti ipo? Nikamjibu, "Lifti ipo." Nilikuwa na barua thelathini za kujibu asubuhi ile. Walifika usiku, hoteli imejaa, na chumba chao kilikuwa nusu ghorofa juu ya pale lifti inapokomea. Ngazi ni nyembamba, imesimama karibu wima, mkono unashika kamba. Yule mama alivua viatu akanipa. Akapanda kidato kimoja, akapumzika, cha pili, akapumzika, kila kimoja na bismillahi yake, mimi nyuma yake nimebeba begi na viatu. Alipofika juu akageuka akaniambia, "Vilikuwa kumi na vinne, mwanangu. Ungenambia." Asubuhi nilimhamishia chini. Tangu hapo kila barua yangu ina idadi ya vidato, hata mgeni akiwa kijana wa miaka ishirini.

Yule bwana wa Nairobi na mkewe nimewapa chumba cha nyuma kinachotazama bustani, kipana, dari ndefu, bei ileile. Alikipima kwa hatua, akaridhika. Halafu mkewe akanisogelea kaunta akauliza kama inawezekana wabaki na ufunguo wa kile cha juu mpaka saa mbili usiku, jua la Septemba likizama, apige picha za mapaa. Kilikuwa hakijauzwa. Nikawaachia.