Mtoto mgeni anapovunja vitu vya mwanao: kazi kubwa ni kabla hajabisha hodi

Gari la betri likisukumwa kwa nguvu sakafuni, meno ya gia zake za plastiki hukatika. Mwenye gari analijua hilo. Mgeni halijui, kwa sababu magari mengi aliyowahi kuyashika huwa yanasukumwa. Nimeanza na mfano huu kwa kuwa, katika kazi ya malezi ya watoto wadogo, mengi tunayoyaita utundu ni mtoto kukutana na kitu asichokijua, katika nyumba ambayo hajaambiwa sheria zake, huku wakubwa wote wako chumba kingine wanazungumza.

Umri hueleza mengi. Mtoto wa miezi 12 hadi 18 hurusha, hugonga na kudondosha ili aone kutatokea nini; hiyo ndiyo namna yake ya kujifunza. Wa miaka 2 hucheza kando ya mwenzake zaidi kuliko kucheza naye. Mildred Parten aliueleza mchezo huo wa kando kwa kando katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, na yeyote anayekaa na watoto wa umri huo huuona kila siku. Kumwambia wa miaka 2 "chezeni pamoja" ni kumpa kazi ambayo bado haiwezi. Wa miaka 3 au 4 anaweza kungoja zamu, ilimradi aone zamu inaisha lini. Kuanzia miaka 5 anajua wazi kwamba kitu huvunjika, kwa hiyo akirusha gari ukutani makusudi, tazama kama amechoka, ana njaa, anaona wivu, au mchezo umemwishia.

Sasa maandalizi. Dakika 20 kabla ya wageni kufika, kaa na mwanao mchague pamoja vitu vitakavyofichwa. Muulize: "Kipi hutaki kishikwe na mtu mwingine leo?" Mwanasesere anayelala naye aondoke bila mjadala. Ongeza picha za vipande, maana kipande kimoja kikipotea picha nzima imeharibika. Vitabu vyenye vibandiko vya kufunuliwa. Magari ya rimoti. Na kitu chochote alichokijenga akakiacha kimesimama. Vitie ndani ya kabati, mlango ufungwe. Juu ya kabati hapatoshi, kwani kinachoonekana huombwa, na kikinyimwa huliliwa. Kisha mwambie mwanao neno la pili, ambalo wazazi wengi hulisahau: vilivyobaki nje vitashikwa na kila mtu.

Vinavyobaki viwe vya kustahimili mikono: matofali ya kujengea, mipira laini, udongo wa kuchezea, karatasi na kalamu za rangi, maboksi matupu. Kwa watoto wawili, aina tano au sita zinatosha. Vikimwagwa vyote sakafuni, watoto huvikanyaga na kuvitupa badala ya kuvichezea. Baiskeli ya miguu mitatu ikiwa ni moja tu, iondoe; kitu kimoja kinachotamaniwa na wawili ndicho chanzo cha ugomvi mwingi. Magari madogo yawe walau mawili yanayofanana.

Dakika 15 za mwanzo kaa nao sakafuni, karibu kiasi cha kuweza kuufikia mkono wa mtoto. Mwonyeshe mgeni kitu kinavyofanya kazi: hiki kinabonyezwa hapa, hiki kinavutwa kidogo tu.

Akianza kurusha au kugonga, usipige kelele kutoka jikoni. Sauti ya mbali humfundisha kwamba ana muda wa kurusha mara moja zaidi. Nenda, chutama mtazamane, kizuie kitu kwa mkono wako, kisha useme kinachotakiwa kwa maneno machache: "Gari linatembea sakafuni." Mara moja mpe njia ya kile anachokitaka mwili wake: "Ukitaka kurusha, rusha mpira huu." Akirudia, kitu kinapumzika: "Gari linapumzika kidogo, tutalitoa tena." Kinachoondolewa ni gari, si mtoto. Mara ya tatu, badilisheni mchezo kabisa. Tokeni nje au leteni beseni la maji na vikombe. Kumuuliza mtoto wa miaka 3 "Kwa nini umevunja?" hakuzai kitu, kwa sababu hana jibu, atanyamaza au atabuni. Kumwita mharibifu mbele ya watu ni kumuumiza, wala hakumfundishi namna ya kushika.

Kosa linalonisikitisha zaidi hufanywa kwa mwenyeji mdogo: "Mpe, yeye ni mgeni." Mtoto anayelazimishwa kuachia kila kitu hujifunza kukibana zaidi mgeni mwingine akija. Mfundishe sentensi ya kusema, "Bado nakitumia, nikimaliza nitakupa," nawe usimame pale hadi ahadi itimie.

Mzazi wa mgeni akiwepo, zungumza na mtoto moja kwa moja, kwa upole, mzazi akisikia: "Hapa kwetu vitabu tunavifunua polepole, njoo nikuonyeshe." Akicheka na kusema watoto ndivyo walivyo, inatosha kumjibu, "Ni kweli, Mama Fulani, acha nimsaidie kidogo." Usimsimulie makosa ya mwanawe mlangoni wakati wa kuagana. Mtoto yuleyule akileta shida kila anapokuja, fupisha ziara iwe saa moja, iwe baada ya kula na kulala, na watoto wawe wawili tu.

Kitu kikivunjika, usalama kwanza. Kusanya vipande vyote. Kwa aliye chini ya miaka 3, kipande kinachopita ndani ya bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha kinaweza kumkaba koo. Kifuniko cha betri kikipasuka, ondoa kitu hapohapo: betri bapa ya mviringo yenye umbo la kifungo ikimezwa inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Ukishuku tu kwamba imemezwa, kimbilia hospitali bila kungoja dalili. Sumaku ndogo nazo zikimezwa mbili au zaidi huvutana ndani na kubana utumbo katikati. Hapo pia ni hospitali.

Kisha mgeukie mwanao. "Kitanunuliwa kingine" huziba kilio bila kukisikiliza. Sema, "Ulikipenda, na kimevunjika," umwache alie, ndipo mtazame pamoja kama kinatengenezeka. Mkono wa mwanasesere wa plastiki laini uliochomoka hurudi ukilainishwa kwa maji ya moto kwa dakika moja hivi. Kazi hiyo uifanye wewe. Mbao iliyopasuka itie gundi nyeupe ya mbao, uibane vizuri, na isichezewe kwa saa 24. Supaglu haishiki vizuri plastiki nyororo inayopindika, na mkono uliogandishwa kwayo huchomoka tena siku ileile, mara nyingi ukiwa mikononi mwa mwanao mwenyewe.