Kifungo cha nje ni kifungo

"Kaachiwa." Hakimu anampa mtu kifungo cha nje asubuhi, na kabla ya alasiri habari imeshafika kwenye kila baraza ya kahawa kwamba fulani kaachiwa. Baada ya hapo hayakosekani yale mengine: pesa imetembea, kuna mkubwa kapiga simu, serikali imechoka kuwalisha wezi sasa inaturejeshea mitaani. Nimeyasikia Chake, nimeyasikia Darajani, na wiki iliyopita nimeyasikia kwenye taarifa ya habari, kwa sauti ya mtu aliyesomea kazi yake. Hapo ndipo nilipoona niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Kifungo cha nje ni adhabu ya mahkama kwa mtu aliyekwisha kutiwa hatiani, ambayo anaitumikia akiwa kwake badala ya kuwa ndani ya Chuo cha Mafunzo, jina letu la gereza hapa Zanzibar, kwa masharti. Sharti linaweza kuwa asitende kosa kwa muda uliotajwa, au afanye kazi ya jamii kwa saa kadhaa bila malipo, au aripoti kwa ofisa, au yote kwa pamoja. Akivunja sharti, anarudishwa mbele ya hakimu na anaweza kuingia ndani.

Ugumu unakuja kwa sababu watu wanaotoka mahkamani kwa miguu yao wenyewe ni wa aina nyingi, na sisi tunawatia wote kapu moja. Yuko aliyeachiwa huru: upande wa mashtaka umeshindwa kuthibitisha, na mtu huyo hana kosa mbele ya sheria, hata kama mtaa mzima una yakini kwamba ni yeye. Yuko aliye nje kwa dhamana: huyu hajahukumiwa kwa lolote, kesi yake inaendelea, na amekwenda nyumbani kwa sababu amepata wadhamini, na barua ya sheha, mkuu wa shehia yake, na ameahidi kurudi siku atakayoitwa. Yuko aliyesamehewa: huyu alihukumiwa, akaingia ndani, akatumikia sehemu ya adhabu, kisha Rais akamsamehe, kama inavyofanyika katika sherehe za Mapinduzi za 12 Januari. Mamlaka hayo yamo ndani ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, na hakimu hana mkono wake hapo. Na yuko huyu wetu wa kifungo cha nje, ambaye ana hatia, ana adhabu, na adhabu hiyo imeanza kuhesabiwa siku ile ile alipotoka mlangoni.

Hawa wanne wakikaa kwenye benchi moja huwezi kuwatofautisha kwa macho, lakini kila mmoja ana deni lake. Wa kwanza hana deni. Wa pili anadaiwa kurudi mahkamani. Wa tatu deni lake limefutwa. Wa nne anaanza kulipa.

Wengine wanachanganya pia mahabusu na mfungwa. Mahabusu yuko ndani na hajahukumiwa. Katika magereza ya Afrika Mashariki hawa ni sehemu kubwa ya waliomo, na kifungo cha nje hakiwagusi hata kidogo, kwa sababu huwezi kumpa adhabu mtu ambaye hujamwona na hatia. Tiba yao ni dhamana yenye masharti wanayoyaweza na kesi zinazosikilizwa kwa wakati. Kwa hiyo anayesema tutaondoa msongamano wote wa magereza kwa vifungo vya nje anaahidi jambo ambalo chombo hicho hakikutengenezewa.

Sasa kuhusu pesa, maana ndiyo hoja inayotupiwa kifungo cha nje kila siku: kwamba ni ujanja wa serikali wa kubana matumizi. Watu wanachukua bajeti nzima ya Chuo cha Mafunzo, wanaigawa kwa idadi ya waliomo, halafu jibu wanalizidisha kwa idadi ya walio nje. Hesabu hiyo haisimami. Mtu mmoja asipoingia Chuo cha Mafunzo cha Kiinua Miguu leo, kinachobaki mkononi ni unga wa uji wake, maharage yake, ndoo zake za maji, sabuni, na dawa kama angeugua. Ukuta uko pale pale. Askari wa zamu ya usiku halipwi pungufu kwa sababu kitanda kimoja kiko wazi. Taa za uzio zinawaka vile vile, na gari linalowapeleka mahabusu mahkamani linakunywa mafuta yale yale likibeba watu kumi au tisa. Pesa inayoonekana inapatikana pale idadi inaposhuka mpaka bweni zima linafungwa, au pale serikali inapojikuta haina haja ya kujenga bweni jipya. Na hilo la pili ndilo kubwa.

Walioliona vizuri ni watu wa Texas, jimbo la Marekani ambalo hakuna anayelisingizia kuwaonea huruma wahalifu. Mwaka 2007 makadirio yaliyowekwa mbele ya bunge la jimbo yalisema kwamba kufikia 2012 vingehitajika vitanda vipya zaidi ya 17,000 magerezani, kwa gharama ya karibu dola bilioni 2. Wabunge wawili wa jimbo hilo, Jerry Madden wa chama cha Republican na John Whitmire wa Democratic, wakauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa zamani: hawa watakaojaza vitanda hivyo wanatoka wapi? Wengi wao hawakuwa wahalifu wapya. Walikuwa tayari wako nje kwa masharti, wakayavunja, mara nyingi kwa sababu ya ulevi na dawa za kulevya, huku nafasi za matibabu zikiwa hazitoshi. Bunge likatenga dola milioni 241 kwa ajili ya matibabu, nyumba za mpito, na vituo vya kuwaweka kwa muda mfupi wanaokiuka masharti. Ujenzi ule mkubwa haukufanyika, uhalifu ukaendelea kushuka, na mwaka 2011 Texas ikafunga gereza la Central Unit mjini Sugar Land, lililokuwa likitumika tangu 1909.

Ukisimulia kisa hicho usiisahau ile milioni 241. Texas haikufungua milango ikakaa kimya. Ililipia uangalizi, na kilicholipiwa kilikuwa rahisi kuliko kuta. Kifungo cha nje kina bei yake, na asiyetaka kuilipa asishangae kikimvunjikia mkononi.

Karibu zaidi na sisi ni Zimbabwe, iliyoanza mpango wa huduma kwa jamii mwaka 1992. Kipimo chao anakielewa hata asiyejua sheria: mwezi mmoja wa kifungo ni saa 35 za kazi. Hakimu anatamka miezi sita, anaisimamisha kwa sharti kwamba mkosaji afanye saa 210 katika skuli, zahanati au ofisi ya umma. Saa zikitimia, miezi ile inakwisha. Asipozitimiza bila sababu ya maana, miezi ile inamsubiri. Nchi nyingi za Afrika zilikutana Kadoma, huko huko Zimbabwe, Novemba 1997 kuujadili mpango huo, na baada yake Kenya ikatunga sheria yake 1998, Uganda 2000, na Tanzania Bara 2002.

Nimesema Bara kwa makusudi. Mara nyingi mtu wa Unguja anainua sheria ile ya 2002, yenye kikomo cha kifungo cha miaka mitatu, akaibwaga mezani kana kwamba inatuhusu. Huduma kwa jamii, mahkama za hapa na Vyuo vya Mafunzo si mambo ya Muungano. Zanzibar inajitungia sheria zake, na mahakimu wetu wanafuata za Baraza la Wawakilishi, ndilo bunge letu. Polisi anayekamata, lakini, ni wa Muungano. Maana yake anayemkamata mtu analipwa kutoka mfuko mmoja, na uji wa aliyekamatwa unatoka mfuko mwingine. Mtu anayejadili gharama za Chuo cha Mafunzo bila kuliona hilo ameacha nusu ya hesabu nje.

Hebu nichukue mfano mmoja. Kijana wa Mkoani, Pemba, kakamatwa na pakacha la karafuu si zake, kosa la kwanza, kakiri. Mpeleke ndani miezi mitatu. Msimu wa kuchuma umempita, aliyekuwa amwajiri keshapata mwengine, mke na mtoto wamehamia kwa wakwe. Ndani kalala na watu waliobobea, kasikiliza hadithi zao usiku kucha. Anatoka hana kitu, ana deni dukani, na mikarafuu iko pale pale. Mwenye karafuu hajalipwa hata shilingi. Sasa mpe kifungo cha nje: amlipe mwenye karafuu fidia kidogo kidogo, na kila Jumamosi asubuhi asugue vyoo vya skuli ya shehia, mbele ya watoto wanaomjua kwa jina la baba yake. Mama mkwe anapita njia ile ile kwenda sokoni. Wanaosema hiyo si adhabu hawajawahi kuishi shehia ndogo.

Na usalama wa raia hapo ndipo ulipo. Wa kifungo kifupi atatoka tu, huo ndio ufupi wake, na swali la jirani yake linapaswa kuwa atatoka akiwa nani. Kwa mbakaji, kwa mwenye kudhalilisha watoto, kwa anayeingia nyumba za watu na panga, swali ni jingine kabisa na jibu langu ni ndani, na simjui mtetezi wa maana wa kifungo cha nje anayesema vingine.

Wasiwasi mmoja wa watu wa barazani ni wa kweli, nao ni huu: nani anahakikisha? Kama hakuna daftari la saa, hakuna msimamizi aliyepewa jina la mtu na tarehe zake, na sheha hakuarifiwa, basi sharti limebaki kwenye faili na kijana yuko baharini anavua. Lakini tazama jinsi maneno yetu yanavyochangia. Ukishamwita "aliyeachiwa", hakuna atakayemwona kuwa anahitaji msimamizi. Mwakilishi gani atasimama kuomba fungu la kuwafuatilia watu ambao wapiga kura wake wanaamini wameshaachiwa? Fungu likikosekana, daftari halipo; daftari lisipokuwepo, kweli anakuwa kama aliyeachiwa, na hakimu naye, akiona hivyo, mara nyingine anaona heri ampeleke ndani.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na nalielekeza kwanza kwa ndugu zangu wa redio na magazeti. Hakimu akimaliza kusoma hukumu, msiondoke na nusu ya sentensi. Muulizeni karani amri ni ipi hasa, muda gani, masharti gani, na nani anasimamia. Kisha semeni hivyo hivyo: "amehukumiwa kifungo cha nje cha miezi sita, atafanya usafi katika zahanati, atamlipa mlalamikaji." Ni maneno machache zaidi ya "kaachiwa", na yanatosha dakika ile ile ya taarifa.