Mandhari sio kitu cha kuwekwa nyuma

Nimeambiwa tena wiki hii. Mzee mmoja anataka picha ya mawe na mawimbi ya sebuleni kwake huko Umoja, ananiambia "fundi, chora mawe kwanza, wimbi lipige, halafu nyuma uniwekee mandhari". Mandhari gani? "Si hiyo bahari na mawingu, zile vitu za nyuma."

Mandhari ni kile unachoona chote ukisimama mahali na kutazama, cha mbele na cha nyuma. Basi.

Najua shida ilianzia wapi. Shuleni mwalimu wa fasihi alitufunza mandhari ni mahali na wakati wa hadithi, na kwa fasihi iko sawa, halafu ukiweka simu Kiswahili ile picha ya nyuma ya skrini nayo inaitwa mandhari, so mtu akifika kwa kanvasi anadhani ni kama pazia unatundika mwisho.

Lakini neno ni la Kiarabu, mandhar, na mzizi wake ni kutazama. Nadharia pia imetoka huko huko, ni kutazama tu kwa akili. Yaani ndani ya neno kuna jicho, na jicho lazima liwe limekaa mahali. Waingereza lao, landscape, walitoa kwa wachoraji wa Uholanzi, landschap, linaanza na ardhi, la bahari, seascape, wakaliunda baadaye kwa kuiga hilo. Letu linaanza na macho na mimi naona linamfaa mchoraji zaidi, mnisamehe upendeleo.

Ju angalia, ukishuka ukae kwa mawe pale Mama Ngina, Mombasa, upeo wa bahari, ule mstari maji na mbingu zinakutana, unashuka na wewe na wimbi likiinuka linaupita, linakata mbingu. Mchoraji Hokusai wa Japani alichora hivyo karibu 1831, mlima Fuji mzima ukabaki kadogo chini ya wimbi. Ukipanda juu ukingoni, upeo unapanda pia, na mawimbi yale yale yanakuwa mistari ya povu huko chini. Sasa mtu anachora jiwe limeangaliwa kutoka juu, wimbi kutoka chini, bahari ameitoa kwa kalenda, halafu anashangaa mbona maji yanakaa kama ukuta.

Mzee sikumgombeza. Nilimuuliza tu, "Kwa hii picha, wewe umesimama wapi?" Akafikiria kidogo. "Juu ya mawe, lakini viatu visilowe."

Sawa, hapo ndio mandhari inaanzia. Zile za nyuma ziite usuli, ama sema tu nyuma, nitakuelewa.