Chupa ya Mizizi Uliyoiacha Nyumbani, Njoo Nayo Hospitali

Dirishani kwetu, kabla ya kumkabidhi mgonjwa dawa zake, tunatakiwa kumuuliza: "Kuna dawa nyingine unazotumia?" Karibu kila anayeulizwa hujibu "Hapana." Miaka yangu ya mwanzo katika ufamasia niliandika hapana hiyo na kumwita anayefuata. Kisha siku moja mama mmoja mtu mzima, aliyekuja kuchukua vidonge vyake vya sukari, alinijibu vivyo hivyo, na alipofungua mkoba kutafuta kadi ya bima nikaona chupa ya lita moja na nusu imejaa maji meusi kama chai ya rangi iliyolala. "Na hii je, mama?" Akacheka. "Hii si dawa, mwanangu. Mizizi tu."

Kosa lilikuwa langu, si lake. Watu wetu wengi wakisikia neno "dawa" ndani ya geti la hospitali hufikiria kidonge, sindano na dripu. Magome yaliyochemshwa, unga wa mlonge, habasoda ndani ya asali, majani ya mpera ya kufunga tumbo la kuhara: hivyo ni vitu vya nyumbani, kama chumvi. Siku hizi nauliza hivi: "Nyumbani mnachemsha nini?" Hapo majibu humiminika.

Sikuja kuiponda mitishamba. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika Kusini. Dawa mseto ya malaria tunayowapa leo nayo imebeba kiini cha artemisia, jani ambalo Wachina walilitumia kutibu homa kwa karne nyingi. Mtafiti Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alihangaika nalo sana, maana matokeo ya maabara leo yalikuwa mazuri, kesho hayapo. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, na humo akakuta kwamba jani linawekwa majini na kukamuliwa. Moto haukutajwa. Akang'amua kwamba joto ndilo lililokuwa likiua dawa. Mwaka 1971 akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na safari hii kiini kikatoka kizima.

Nakipenda kisa hiki kwa kuwa kinawakata ngebe watu wa pande zote mbili. Daktari anayesema miti ya wazee ni upuuzi anakuta kwamba ufunguo ulikuwa kwa mzee. Na anayechemsha majani ya artemisia sufuriani ajue kwamba kiasi cha kiini kinachoingia kikombeni ni kidogo na hubadilika kila mchemsho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kutibu wala kukinga malaria. Dozi pungufu hukupa nafuu ya siku mbili tatu, na vimelea vinavyobaki ndivyo vinavyozoea dawa.

Sasa turudi kwenye chupa ya yule mama. Mwili hauna mlango wa dawa za hospitali na mwingine wa dawa za kienyeji. Nyingi hupita kwenye ini, na humo vipo vimeng'enya vinavyozivunjavunja. Mmea mmoja ukivichelewesha vimeng'enya hivyo, kidonge ulichomeza hukaa damuni muda mrefu kuliko tulivyopiga hesabu. Mwingine ukiviharakisha, kidonge hutolewa kabla hakijafanya kazi. Wakati mwingine ini halihusiki kabisa: mmea na kidonge vinafanya kazi ileile, nawe umezidisha dozi bila kujua. Karela, lile tunda chungu, hushusha sukari. Ukiitumia kwa wingi juu ya vidonge vya sukari, sukari inaweza kushuka hadi ukatokwa jasho, ukatetemeka, ukaanguka. Urukususu, ule mzizi mtamu wanaoutafuna watu wa pwani kulainisha koo, ukitumiwa kwa wingi kila siku hupandisha presha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini. Mtu wa namna hiyo tutambadilishia vidonge vya presha mara tatu, tukilaumu kiwanda. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno, ila punje kadhaa mbichi kila asubuhi, au vile vidonge vyake vilivyokolezwa, kwa anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, vinaweza kumfanya avuje damu.

Panaponitia hofu zaidi ni leba. Dawa za uchungu zinajulikana kila mahali, na nyingi kweli zinafanya kazi: zinakaza kizazi. Shida ni kwamba hakuna anayejua zinakikaza kwa nguvu gani. Mama anakunywa kikombe nyumbani kwa ushauri wa shangazi au mama mkwe, anafika wodini na hasemi kitu kwa kuogopa kufokewa. Mkunga anaona uchungu hauendi vizuri, anamtundikia dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu. Nguvu mbili zinakutana. Kizazi kikikaza bila kupumzika, mtoto anakosa hewa. Na kama mama aliwahi kufanyiwa upasuaji, kovu linaweza kuachia na kizazi kikapasuka. Neno moja tu la mama yule, "nimekunywa kitu," lingemfanya mkunga asubiri.

Nalitaja neno kufokewa kwa makusudi. Wagonjwa hawatufichi kwa ujinga. Wanatuficha kwa sababu baadhi yetu tumewahi kuwaumbua mbele ya foleni. Nami nimo.

Kuna kundi jingine ambalo sina uvumilivu nalo, unga na vidonge vya kwenye vikopo vilivyoandikwa "asilia kwa asilimia 100", hasa vya nguvu za kiume, vya maumivu ya viungo na vya kupunguza mwili. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimepima bidhaa za aina hii na kukuta zimechanganywa kisirisiri na dawa za viwandani: sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, kwenye zile za wanaume, na deksamethasoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe, kwenye zile za magoti. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayeweka chini ya ulimi kidonge cha naitreti cha kutanua mishipa ya damu, akimeza na unga wenye sildenafili, presha yake inaweza kuporomoka hadi akafa. Mzizi wa kweli mara nyingi huenda taratibu. "Mtishamba" unaosimamisha maumivu ya miaka kumi ndani ya nusu saa, mimi ningeutilia shaka.

Wenye umri wanakumbuka mwaka 2011, Samunge kule Loliondo, kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Foleni za magari zilifika kilomita nyingi, na wapo waliofia njiani. Babu huyo, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, alichemsha mizizi ya mugariga, mti ambao jamii za huko zilikuwa zikiutumia tangu zamani. Kikombe chenyewe sikuwahi kukiona kuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa wale waliorudi nyumbani wakaacha ARV, insulini na vidonge vya kifafa kwa kuamini kwamba wamemaliza kazi. Virusi havikuwa na habari ya safari ile.

Tanga walitangulia kuchukua njia nyingine. Miaka ya 1990 waganga wa tiba asili na wahudumu wa hospitali walishirikiana kuhudumia wagonjwa wa ukimwi, kila upande ukimpelekea mwenzake yule asiyemuweza. Tangu mwaka 2002 tunayo pia sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na Baraza linalosajili waganga. Mganga wako muombe cheti cha usajili. Asiyekuwa nacho, au anayekwambia uache dawa za hospitali kabla ya kuanza zake, muage kwa heshima.

Ukija kwetu, njoo na chupa yenyewe, na vidonge vyako vyote hata vya jirani. Utuambie ni mzizi, gome au jani, unakunywa kiasi gani, umeanza lini, nani amekupa. Jina la kilugha linatosha. Usihangaike na Kiswahili cha vitabuni. Ila jina moja linaweza kubebwa na miti miwili tofauti kutoka wilaya hadi wilaya, kwa hiyo jani moja au kipande cha gome kinatusaidia kuliko jina. Kabla ya upasuaji mwambie mtaalamu wa usingizi mapema, si asubuhi ya siku yenyewe ukiwa umeshalazwa kitandani. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama kokakola, au mkojo ukipungua na uso kuvimba, acha kunywa na uje siku hiyohiyo. Kama chupa imeisha, usiisuuze. Masalia ya chini yanatosha.